Mtu wa Sukari

Jumapili ya Kibosho si siku ya kupumzika. Ni siku ya kuchoka ukiwa umevaa vizuri. Kabla ukungu haujainuka migombani, Salvina alikuwa ameshakamua ng'ombe, amepiga sare ya kwaya kwa pasi ya mkaa, amebadilisha maua ya altare, na amegombana na mpiga kinanda kuhusu wimbo wa matoleo. Baada ya misa kulikuwa na watoto wa komunyo ya kwanza, kisha kwenda kumwona wifi yake Leonia aliyejifungua, kisha chakula cha mchana nyumbani pamoja na shangazi Mektrida, mwanamke aliyekuwa na desturi ya kuja na kikapu kitupu na mdomo uliojaa.

Na siku hiyo kulikuwa na jambo moja zaidi, ambalo Salvina hakumwambia mtu. Basili alikuwa anakuja.

Basili Haule alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari huko chini, tambarare. Baba yake alitoka Songea kuja kukata miwa, akafia huko huko na kuzikwa kwenye makaburi ya kambi. Salvina alimjua siku kwaya yao ilipoalikwa kuimba katika kanisa dogo la kambini. Alikuwa amekaukiwa koo, kijana mmoja akamletea kikombe cha maji, akampa, akasahau kukiachia kikombe. Wakabaki wamekishika wote wawili mpaka wanakwaya wakaanza kukohoa kwa makusudi. Tangu hapo, kila mwalimu Salvina alipoteremka Moshi kufuata chaki za shule, chaki zilichukua muda mrefu sana kupatikana.

Kabla ya Kwaresima Basili alimwambia, "Waambie wazazi wako. Jumapili baada ya Pasaka nitapanda kuwasalimia."

"Nitawaambia."

Walipoonana tena akamuuliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Hakuwa amewaambia. Kila alipofungua kinywa jikoni alisikia sauti ya shangazi ikisema "watu wa miwa" jinsi alivyozoea kuisema, kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Basi akafunga kinywa. Tuseme kweli, ndugu msomaji: alimpenda kijana wa watu, na alimwonea aibu. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita, na Jumapili yenyewe ikafika ikiwa na mvua ya masika na tope la kufika kwenye vifundo.

Walikuwa katikati ya wimbo wa Utukufu alipomwona. Alikaa karibu na nguzo, amevaa kaunda suti mpya ya rangi ya maziwa, suruali imekunjwa juu ya viatu vilivyojaa tope, na mapajani amepakata kifurushi cha karatasi ya kaki kama mtu aliyepakata mtoto. Macho yao yakakutana. Basili akatabasamu. Salvina akaruka ubeti mzima, na kwaya yote, kwa utii wa Kikristo, ikaruka pamoja naye.

Misa ilipoisha watu walimwagika uwanjani. Unajua salamu za nje ya kanisa zilivyo: mkono unampa huyu, jicho liko kwa yule. Baba yake, Mzee Kastori, mwenyekiti wa kigango, alikuwa akiongea na katekista. Mama yake, Mama Anyesi, alikuwa na shangazi Mektrida chini ya mnara wa kengele. Basili akapita katikati ya watu wote hao, akasimama mbele yao, akainama.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, baba," akajibu Mama Anyesi, akimtazama kwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka.

Shangazi hakujaribu kukumbuka. "Huyu ni nani?"

Basili akageuka kumtazama Salvina. Alikuwa akitabasamu bado, tabasamu la mtu anayesubiri kutambulishwa. Salvina akaona viatu vyenye tope. Akaona watoto wake wa komunyo wamesimama wanasikiliza, na mke wa katekista, na nusu ya kwaya. Akaona kifurushi, kimepasuka kidogo pembeni, chembe nyeupe zinang'aa.

"Ni mtu wa sukari," akasema.

"Wa nini?"

"Wa sukari, shangazi. Nilimwagiza. Anafanya kazi huko kiwandani."

Mwaka ule sukari ilikuwa adimu kuliko wachumba. Uso wa Mama Anyesi ukachanua kama umemulikwa na taa ya karabai. "Mae! Sukari! Mwanangu, Ruwa akubariki! Mzazi wetu anakunywa uji wa chumvi tangu ajifungue!" Akakipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakiingiza chini ya kanga haraka, maana macho ya watu wa kanisani nayo yana njaa.

Tabasamu la Basili halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni muda mfupi bila mwenyewe, kama kofia iliyosahauliwa. Kisha likaondoka.

"Asante, mama," akasema. "Mimi ni mtu wa sukari."

"Na mgongo si unao?" shangazi akasema. "Kuna mkungu wa ndizi pale kwa katekista, ni wa mzazi. Tusaidie kuufikisha, halafu mama hapa atakupa wa kwako. Sukari kwa ndizi, si ndivyo mnavyofanya?"

Basili akamtazama Salvina tena. Salvina akafungua kitabu cha nyimbo akakisoma kama amepewa leo.

Sasa sikiliza. Kila mtoto wa mlimani anajua kwamba mkungu uliokatwa asubuhi bado unalia. Kabla ya kuuweka begani unachuma majani makavu ya mgomba, unayakunja vizuri, unayaweka bega zima, maana utomvu ukishika nguo hautoki, unakuwa mweusi na nguo imekwisha. Mtu wa tambarare atalijulia wapi hilo? Basili akainama, akaunyanyua mkungu, akaubwaga juu ya bega la ile suti ya rangi ya maziwa.

Salvina aliona. Majani makavu yalikuwa yananing'inia palepale njiani, angenyoosha mkono tu. Lakini msichana anayemkunjia majani mtu wa sukari atakuwa anajua nini zaidi juu ya mtu wa sukari? Akashika njia. Alitembea nyuma yake mlima wote, akitazama utomvu ukishuka tone kwa tone, kutoka begani, ukipita mgongoni, mpaka kiunoni.

Nyumba ya Leonia ilikuwa ndani ya kihamba cha Mzee Kastori, shamba la ukoo, ng'ambo ya mfereji, katikati ya kahawa. Wanawake wakaingia ndani kumwona mtoto. Basili akatua mkungu barazani, akabaki nje, karibu na dirisha.

Mtoto akapokezanwa, akasifiwa pua, akasifiwa usingizi. Shangazi alipomaliza kumsifu mtoto akamgeukia Salvina.

"Na wewe, mwalimu, lini? Au unataka kuzeeka na chaki?"

"Shangazi, leo tumekuja kwa mtoto."

"Ndiyo maana nauliza. Nimekuonea mtu. Ildefonce, mtoto wa watu tunaowajua, ana kihamba chake na kahawa yake. Uso wake si wa kupigia picha, lakini picha hailimi. Kuliko kuja kutuletea hawa wa miwa, watoto wa manamba, hata kwao ukiuliza ni wapi wanakuonyesha namba ya nyumba ya kambi."

"Wifi," Leonia akadakia kutoka kitandani, na macho ya mzazi hayana kazi nyingine ila kuona, "mbona huyo kijana wa sukari anakutazama kama mtu aliyeibiwa?"

Wote wakacheka. Salvina naye akacheka, Mungu amsamehe. Alipotazama dirishani, baraza lilikuwa tupu.

Alimkuta kwenye mfereji. Amevua koti, amebaki na singlendi, anasugua bega la koti kwa maji na mchanga.

"Usisugue," Salvina akasema. "Maji yanalizidisha doa."

"Basi kwenu mnalitoa kwa kitu gani?"

"Halitoki."

"Halitoki kabisa?"

"Halitoki, Basili."

Akaacha kusugua. "Ulijua?"

Maji ya mfereji yalipita, na Salvina akatamani yapite naye. "Nilijua."

"Wakati nabeba, ulijua?"

"Nilijua."

Basili akalikamua koti taratibu, kama bado lina thamani. "Fundi cherehani wa Pasua alinikatalia kitambaa hiki. Akaniambia rangi hii ni ya watu wenye magari. Nikamwambia kata, mimi naenda kwa wakwe." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Uliniambia umewaambia. Uliniambia baba yako alicheka. Uliniambia mama yako ameuliza kama nakula mtori. Mtori, Salvina! Umetunga mpaka mtori! Nikaenda kumuuliza mama yangu mtori ni nini, nisije nikakosea kuula."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Baba yako ana panga?"

"Niliogopa watanicheka."

"Watakucheka wewe." Alilirudia neno hilo polepole, akilitazama upande huu na upande ule, kama chuma kilichovunjika mashineni. "Mimi nimekunywa chai chungu tangu Jumatano ya Majivu. Mgawo wangu wote nimeuweka kwenye ile karatasi, ili mama yako aonje, ajue mtoto wake haendi pabaya. Hukuona haya kunipenda kule chini. Kule hakuna anayekujua."

Salvina akafungua kinywa. Ukishakuwa wewe ndiye mwenye kosa, Kiswahili chote kinakukimbia.

"Usilie," Basili akasema. "Ukilia watakuuliza. Sitakuumbua. Mama yako ameniambia nisubiri chakula, nikikataa nitakuwa mtovu wa adabu. Nitakula, nitaaga, nitashuka. Wakikuuliza siku nyingine, sema sukari imekwisha."

Akavaa koti lenye maji, akapita.

Chakula kilikuwa kwa Mzee Kastori. Ndani waliketi wenye nyumba na wageni. Basili alipelekewa sahani yake ya ndizi na nyama kwenye kibao kando ya banda la ng'ombe, na si kwa ubaya. Huko ndiko walikokula vibarua siku zote, na Mama Anyesi alimwekea nyama kubwa. Salvina ndiye aliyeambiwa ampelekee. Akaiweka sahani kibaoni. Hakuambiwa asante, na hakuambiwa neno lingine.

Ndani hakula. Alisikia shangazi akitafuna na kumsifu Ildefonce, akisikia ng'ombe nao wanatafuna nje, na katikati ya kutafuna huko kote kuna mtu mmoja anakula kwa adabu peke yake.

Basili akaja mlangoni, sahani mikononi, ameiosha.

"Mzee, naomba niwaage. Nimeshukuru kwa chakula."

Mzee Kastori akatoka uani na kibuyu chake cha mbege, maana hakupenda kumuaga mgeni akiwa amekaa. Wengine wakamfuata. "Umeshiba, kijana? Mama Salvina, mmempa ndizi zake?"

"Zipo hapa, nimemchagulia mkungu mzuri."

"Sitachukua, mama," Basili akasema. "Ile sukari ilikuwa zawadi."

"Zawadi!" Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Mwaka huu kuna mtu anagawa sukari? Kastori, mwangalie vizuri huyu mtu. Anatafuta kitu."

"Nilikuwa natafuta, mama mkubwa," Basili akajibu kwa upole. "Sasa sitafuti." Akainamisha kichwa kwa Mzee Kastori, akageuka, akaanza kuteremka njia ya kahawa. Mgongo wake wote wakauona: michirizi myeusi kutoka begani mpaka kiunoni.

"Nani alimbebesha mkungu bila majani?" Mzee Kastori akauliza.

Salvina alikuwa ameshakimbia. Alikimbia kwenye mpaka wa kihamba, kule isale limepandwa mstari tangu enzi za babu, akavunja tawi moja lenye majani mabichi. Akazunguka kahawani, akatokea mbele ya Basili, akapiga magoti kwenye tope na sare yake nyeupe ya kwaya.

"Basili Haule," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka uani, "nimekukosea."

Akamnyooshea isale kwa mikono miwili.

Mzee Kastori akaweka kibuyu chini. Hakukimbia, wazee wa mlima hawakimbii, lakini alifika upesi. "Salvina! Unajua ulichokishika?"

"Najua, baba."

"Hilo halipewi mtu wa sukari. Hilo anapewa mtu uliyemjeruhi. Umemfanya nini?"

Hapo ndipo ilipobidi iseme ile midomo iliyonyamaza Kwaresima nzima. "Nimemkana. Huyu si mtu wa sukari. Ni mchumba wangu, baba. Nilimdanganya kwamba mnamjua, akaja kuwasalimia, na mbele yenu nikaona haya naye. Ule mkungu niliona anaubeba bila majani nikanyamaza. Na ile sukari aliinyima chai yake mwenyewe kumletea mama."

"Ruwa wangu!" Shangazi alikuwa amefika, na kilio chake kilikuwa kimemtangulia. "Mtoto wa manamba! Kastori, umesikia? Wa kambini! Na mimi nimeshaongea na watu wa Ildefonce!"

"Mektrida, nyamaza."

"Ninyamaze, sisi tuwe—"

"Isale liko mkononi. Nyamaza." Mzee Kastori hakupandisha sauti, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Alimtazama Basili, akalitazama lile koti, kisha akageuka kulitazama banda la ng'ombe, na kile kibao. "Mgeni aliyekuja kwa heshima," akasema kama anajisemea mwenyewe. "Nimemlisha na ng'ombe."

Mama Anyesi alijifunika uso kwa pembe ya kanga.

Basili alikuwa bado amesimama, mikono chini. "Mzee, samahani. Hili jani ni la nini?"

"Ni la kuomba msamaha. Kwetu ukiletewa hili hukatai, hata kama kosa ni la damu. Wazee wetu walipatana kwa hilo, na sisi mpaka leo."

"Hukatai."

"Hapana."

Basili akafikiri. "Lakini mimi si wa huku, mzee. Mama mkubwa amesema mwenyewe, nilikuwa dirishani. Mimi ni wa kambini. Sheria za mlima huu hazinishiki." Akamtazama Mzee Kastori usoni. "Mimi naweza kukataa. Au siwezi?"

Salvina alikuwa ametafuta kitu ambacho mtu hawezi kukikataa, na sasa akaona kwamba hata katika kuomba msamaha alikuwa anatafuta njia rahisi. Hii haikuwa rahisi.

"Unaweza," akasema Mzee Kastori. "Sitakulaumu."

"Unaweza," Salvina naye akasema, bila kuinua macho. "Ukikataa ni haki yako."

Mvua ya manyunyu ikaanza. Basili akavuta pumzi ndefu.

"Basi mjue wote," akasema, "kwamba nikilipokea, silipokei kwa sababu ya desturi. Nalipokea kwa sababu nimependa mwenyewe."

Akalichukua.

Mama Anyesi akalia sauti. Mzee Kastori akatingisha kichwa mara nyingi, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomshinda. "Kusameheana kumekwisha," akasema hatimaye. "Habari ya posa ni nyingine, sijaulizwa bado, na ikija itakuja na wazee wako, na mimi nitakuwa na maneno yangu. Lakini leo utaingia ndani, utakaa kwenye kiti. Mektrida, utampisha."

"Mimi? Nimpishe?"

"Wewe."

Shangazi akaenda zake uani akisema peke yake kwa Kichagga, mambo ambayo hayafai kuandikwa Jumapili. Mama Anyesi akamfuata. Mzee Kastori naye akapanda njia, akiwaacha wawili hao nyuma kwa makusudi, akijifanya anachunguza matunda ya kahawa.

Salvina alibaki amepiga magoti.

"Inuka," Basili akasema. "Unalowa."

"Siwezi."

"Umeumia?"

"Hapana." Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. "Ukinitazama hivyo siwezi kuinuka. Naona aibu."

Basili bado alikuwa na hasira, ilionekana kwenye taya. Kusamehe hakukuwa kumeimaliza, pengine ingechukua masika mengine.

Kisha akageuka taratibu, akampa mgongo, akaitazama migomba na mvua iliyokuwa inashuka juu yake, akasubiri mpaka aliposikia kwamba ameinuka.